Koleo Langu Silirudishi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na Msimamizi naye ameanza. Asubuhi alitukusanya mafundi wote sita mbele ya pampu namba moja, akafungua katoni na kutugawia makoleo mapya ya kukunja. Sisi hapa tunasema koleo tu, ingawa ukilikunjua unakuta kisu, tupa, msumeno, bisibisi mbili na kifungua kopo ambacho sijawahi kuona mtu akifungulia kopo. Kila fundi wa pampu hutembea nalo kiunoni. Ukilisahau nyumbani, ni kama umekuja kazini bila suruali.

Akasema la zamani kila mtu alitie kwenye sanduku la stoo, mwisho wake tarehe thelathini Aprili, kisha ajaze fomu. Nikamuuliza langu nalirudisha kwa nani, maana hakuna aliyenipa. Nililinunua mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, na huu ni wa ishirini na saba. Akasema, "Mama, hili ni suala la usalama, si la nani alinunua." Ana miezi minne tu hapa, na mabuti yake bado yanang'aa. Nikamwambia silirudishi. Wenzangu walicheka, mimi sikucheka.

Mdogo wangu, ninayeishi naye, ndiye aliyeninunulia daftari hili. Anasema masikio yake yamechoka na hasira zangu, niziandike.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kimya ameongea siku nzima. Ni mwenzangu wa zamu kwa miaka kumi na minne, na jina hilo alipewa kwa sababu haijawahi kutokea akanyamaza.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeyaweka yote mawili mezani, nikayatazama vizuri, nisije nikaambiwa nabisha kwa kubisha tu.

La zamani ni zito na chuma chake ni kinene. Ncha yake ni nyembamba, inapenya mahali ambapo kidole hakipenyi. Halina springi, kwa hiyo halina cha kuziba tope. Ila ni la mikono miwili: mmoja ushike huku, mwingine kule, ndipo lifunguke, na ukitaka kisu lazima ulifungue lote kwanza kisha utoe kisu kwa ukucha. Kisu chenyewe hakina kizuizi, ukikosea kinakurudia vidoleni. Nina kovu la kuthibitisha.

Jipya ni jepesi. Kisu kiko nje, unakisukuma kwa kidole kimoja kinatoka na kujifunga chenyewe. Mkono mmoja unatosha. Meno ya kukatia waya yanabadilishwa yakichakaa, yameshikwa na skrubu ndogo mbili ambazo nina hakika zitalegea. Na lina springi, unalibana likajiachia lenyewe. Mdogo wangu aliacha kushona akaja kulijaribu, akalibana na kuliachia mara ishirini, akasema linapendeza kama kitu cha kuchezea. Nikamwambia ndilo tatizo lake.

Sasa niandike lile ambalo sijamwambia mtu. Tangu Agosti kidole gumba changu cha kulia hakina nguvu. Kipo, kinaonekana kizima, lakini hakibani kitu. Daktari alisema mshipa umebanwa, akataja kupasua, akasema hata wakipasua hana uhakika kitarudi. Koleo langu la zamani siwezi tena kulifungua kwa mikono. Nalifungua kwa meno. Namgeuzia Kimya mgongo, nang'ata upande mmoja, navuta mwingine kwa mkono wa kushoto, na likishafunguka nalishika kwa ngumi.

Ukutani kwetu kuna kanuni imebandikwa: fundi mwenye tatizo la mkono au mguu hashuki shimoni, kule pampu zinakovuta maji ya mvua yasijae kwenye nyumba za bondeni. Atapangiwa stoo. Na mama wa stoo anastaafu Juni, kiti chake kinatafutiwa mtu. Stoo ni kuwapa wengine vifaa wakafanye kazi. Mimi shimo lile nalijua kipandio kwa kipandio, na pampu zile nazisikia zinapotaka kuharibika kabla hazijaharibika. Sitaki kiti.

Nikikubali jipya la mkono mmoja, mtu atauliza mbona Shangazi, ndivyo wanavyoniita hapa, amebadilika ghafla. Ndiyo sababu ninalipigania la zamani. Sehemu kubwa ya sababu.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Wavu wa kuchuja umetoa ndala tatu, zote za mguu wa kushoto.

Jumanne, 19 Machi

Msimamizi ametupa mafunzo. Alichora ngazi ubaoni na mtu juu yake, mtu mwenyewe kichwa kikubwa kuliko mwili. Akasema ukiwa ngazini vitu vitatu lazima viwe vimegusa ngazi muda wote: miguu miwili na mkono mmoja. Akakataza kutia kiwiko.

Kutia kiwiko ni kwetu. Ukishuka shimoni na unataka mikono miwili, unapitisha mkono ndani ya kipandio mpaka kiwiko, unajining'iniza hapo kama koti, na mikono yako iko huru kufungua koleo. Fundi wa zamani anajulikana kwa kiwiko chake, kina sugu. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyowafundisha wengine, na tukimwona mgeni ameshika ngazi kwa mkono tulimtania kwamba anaogopa maji.

Nikasimama. Nikamwambia mwanangu, sisi tulikuwa tunatia kiwiko wewe ukiwa unajifunza kufunga kamba za viatu. Akaniuliza ni wangapi wameanguka katika miaka hiyo. Nikasema wawili. Akauliza wako wapi. Nikakaa chini.

Baadaye Kimya alilitumbukiza koleo lake la zamani kwenye sanduku mbele ya watu wote, tena kwa mbwembwe. Nilimwita msaliti. Akasema, "Shangazi, mimi mgongo unaniuma, nikipata kitu cha kunipunguzia kazi nakipokea kwa mikono miwili." Sijaongea naye tangu saa tano mpaka kutoka. Yeye aliongea.

Jumatatu, 25 Machi

Nimevunja jino. La pembeni, juu kulia, wakati nikifungua koleo nyuma ya pampu namba tatu. Kazini nimesema ni jiwe kwenye wali. Mama wa stoo amenipa pole na kuwalaani wauza mchele wote, na mimi nikaitikia.

Ijumaa, 29 Machi

Mdogo wangu amejua.

Alikuwa akinitazama nikifunga kifungo cha blauzi. Nilihangaika nacho muda mrefu, nikijifanya natafuta kitu dirishani. Akaja, akanishika mkono wa kulia, akaweka kidole chake kwenye kiganja changu.

"Dada, nibane."

Nikambana kwa vidole vinne.

"Na hiki?"

Kilimgusa tu, hakikubana. Akakigeuza kidole gumba huku na huku kama anavyokagua kitambaa chenye kasoro. Kisha akaniuliza jino limevunjwa na nini, na nikajikuta nimemwambia yote. Nilitegemea atanionea huruma. Alikasirika. Alisema miaka yote nimekuwa nikimwambia yeye aachane na cherehani ya kukanyaga anunue ya umeme, na aliponunua nilimsifu, na sasa mimi mwenyewe nafungua vyuma kwa meno kwa sababu ya kiburi. Nikamwambia si kiburi, ni kazi yangu. Akasema, "Sawa, kazi yako. Kwani wakijua kidole kimekufa, utakuwa umeisahau kazi?"

Nilienda kulala nimekasirika. 

Jumanne, 2 Aprili

Mkono unauma. Siandiki.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimeshinda, na sijafurahi.

Koleo jipya la Kimya liligoma. Tope liliingia kwenye springi, akalibana likabaki limebanika, halifunguki wala halifungiki. Msimamizi alikuwepo. Nilichomoa langu nikampa Kimya mbele ya wote, nikasema chukua la wazee. Akalifungua kwa mikono yake miwili, akakata alichotaka kukata, na wenzetu wakapiga makofi. Mimi nikainama kama mwanasiasa.

Msimamizi hakubisha. Alichukua lile lililogoma, akaliosha kwa maji na brashi ya meno, akatia tone la mafuta, likarudi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba springi zisafishwe kila jioni. Akaniambia, "Umesema kweli kuhusu tope, Mama. Ningekusikiliza mapema." Nilikuwa nimejiandaa kugombana, sasa nikakosa pa kuiweka ile hasira.

Kilichoninyima furaha ni hiki: koleo langu lilifanya kazi kwa sababu halikuwa mkononi mwangu.

Jumapili, 14 Aprili

Siku ya mapumziko. Nimejaribu jipya kwa mkono wa kushoto jikoni, mlango nimeufunga. Nimeliangusha mara tisa. Mdogo wangu upande wa pili wa ukuta alikuwa akizihesabu kwa sauti.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua haijakata tangu jana asubuhi. Pampu namba moja imefunguliwa inatengenezwa. Swichi ya kuwasha namba mbili kwa mkono imeungua, nyingine haijaja. Tunategemea maboya.

Alhamisi, 18 Aprili

Niandike yote, na niandike yalivyokuwa.

Saa nane mchana shimo lilianza kujaa. Namba tatu ilikuwa inavuta peke yake, namba mbili imekaa tu. Namba mbili huwashwa na boya: maji yakipanda, boya linapanda, pampu inawaka. Maji yalipanda, boya halikupanda. Kimya akamulika tochi tukaona limenaswa: blanketi kuukuu limeingia, na ndani yake waya wa kufungia vyuma, vyote vimelizungukia boya na kulivuta chini. Mtu ashuke akaukate waya.

Zamu ya kushuka ilikuwa yangu. Nilifunga mkanda, Kimya akashika kamba, nikashuka. Vipandio kumi na saba. Maji yalinifika magotini. Nikatia kiwiko, kanuni au si kanuni, nikachomoa koleo langu, nikaling'ata.

Jino lililovunjika ndilo nililokuwa nikitumia. Nikahamia upande wa pili wa mdomo, mkono wa kushoto ukateleza, koleo likaniponyoka likabaki linaning'inia kwenye kamba yake. Nikalivuta. Nikalishika kwa ngumi ya kulia nikajaribu kulipanua na kipandio cha ngazi. Likafunguka nusu, likanibana ngozi ya kiganja. Nikajaribu tena. Maji yalikuwa mapajani. Juu nilimsikia Kimya akiuliza kulikoni, halafu nikamsikia amenyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Sijui nilijaribu mara ngapi. Kimya anasema dakika kumi na moja.

Dakika kumi na moja nilikuwa nimeshika kitu ambacho siwezi kukifungua, kwa sababu sikutaka mtu ajue siwezi.

Mwishowe nilichomoa kiwiko. Nilishika ngazi kwa mkono wa kulia, kwa vidole vinne, ambavyo kwa kushika bomba vinatosha kabisa. Nikanyoosha wa kushoto juu nikasema, "Kimya, lete lako." Hakuuliza. Alishuka vipandio kumi, akanyoosha mkono, akanitia mkononi koleo jipya. Nikalibana, likakata. Nikalibana tena. Waya ulikuwa na mizunguko mitano na springi ilinirudishia koleo likiwa wazi kila mara, sikuhitaji kidole gumba hata kimoja. Boya likaruka juu, na namba mbili ikawaka mpaka ngazi ikatetemeka.

Nilipotoa kichwa tu, niliona aliyeshika kamba yangu ni Msimamizi. Mabuti yake yalikuwa yamejaa maji, na kamba alikuwa ameizungusha kiunoni mwake mwenyewe. Kama ningeanguka, ningemburuta. Huyo ndiye niliyemwita mwanangu mbele za watu ili wamcheke.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekwenda bondeni kuona. Nyumba nane ziliingia maji, kimo cha kifundo cha mguu. Hakuna aliyeumia. Magodoro yameegemezwa kwenye kuta, yanachuruzika. Mama mmoja alikuwa akifagia tope kutoka sebuleni, akaona sare yangu, akaniuliza bila hata kupandisha sauti, "Jana mlikuwa mmelala?"

Nikamwambia hapana, hatukulala, tulichelewa. Nikachukua fagio la pili. Tulifagia mpaka adhuhuri.

Jumatatu, 22 Aprili

Msimamizi ameniita ofisini, akafunga mlango. Ripoti yake ya Alhamisi ilikuwa mezani, imeshachapwa. Alinisomea: fundi alichelewa kukata waya kwa sababu ya zana ya zamani isiyofunguka kwa urahisi. Akasema nikitia saini, nikalitia lile koleo kwenye sanduku, mambo yameisha. Makao makuu wanataka sababu, na sababu ni chuma.

Nikamtazama. Nadhani anajua. Alikuwa juu, alinimulika kwa tochi, aliona nilivyolishika. Alikuwa ananipa njia ya kutokea, tena kwa heshima, na angeweza kuninyima.

Nikamwomba siku mbili.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemweleza mdogo wangu kuhusu ripoti. Amesema tia saini. Baadaye kidogo amesema usitie. Amerudi kwenye cherehani yake ameshona kola moja mara mbili.

Mimi najua hivi: nikitia saini, nabaki shimoni, na koleo ambalo kwa miaka ishirini na saba halijawahi kuniangusha linabeba lawama yangu. Chuma hakina uso, hakitaona aibu. Lakini nyumba nane zimeambiwa uongo, na msimu ujao nitakuwa pale pale, namgeuzia Kimya mgongo. Nisipotia saini, kuna stoo.

Jumatano, 24 Aprili

Sikwenda ofisini. Nilisubiri mkutano wa asubuhi, wote wakiwepo, nikasema.

Nikasema ripoti ina makosa. Koleo langu lilifunguka kwa Kimya siku ile ya tope, wote mliona. Halikufunguka kwangu kwa sababu kidole gumba changu cha kulia kimekufa tangu Agosti, na nilificha, na kwa kuficha kwangu nyumba nane zimeingia maji. Jiwe kwenye wali halikuwepo. Mama wa stoo akashika kifua.

Msimamizi aliinamisha kichwa. Akasema kwa upole kwamba sasa amelisikia hawezi kujifanya hajalisikia, na kanuni ninaijua. Akasema stoo.

Nilikuwa nimelikeshea jibu langu, na sikulitoa kwa upole.

"Kosa la kuficha ni langu, niandikie barua, niadhibu. Lakini stoo siendi. Ulituchorea ngazi hapo ubaoni. Miguu miwili na mkono mmoja, muda wote, usiache. Basi kwa kanuni yako mwenyewe shimoni hakuna anayefanya kazi kwa mikono miwili. Sote tuna mmoja. Wa Kimya ni wa kulia, wangu ni wa kushoto. Nipime huo."

Hakuna aliyecheka. Kimya alitaka kusema kitu akaacha, mara ya pili mwezi huu. Msimamizi alikwenda mpaka kwenye ile kanuni ukutani, akaisoma yote kama hajawahi kuiona, kisha akarudi.

"Ijumaa," akasema. "Na nitawapima wote."

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua nyepesi. Tumepimwa wote sita, na Msimamizi wa saba, alijiweka mwenyewe kwenye orodha. Kushuka vipandio kumi na saba, mkono mmoja ngazini wakati wote, kukata waya wa mizunguko mitano, kupanda. Atakayetia kiwiko ameanguka mtihani.

Wawili walitia kiwiko bila kujua wametia. Msimamizi aliliangusha koleo majini. Mimi nilichukua dakika nne na nusu. Kimya alichukua tatu, na amekuwa akilitaja hilo tangu saa nne asubuhi.

Jumanne, 30 Aprili

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya fomu. Langu la zamani sikulitia sandukuni. Lipo nyumbani, mdogo wangu anatolea nalo sindano zilizovunjikia kwenye cherehani. Kiunoni nina jipya. Ripoti imeandikwa upya, inasema kweli, na barua ya onyo nimeipata. Kuhusu stoo, Msimamizi ameandika kwamba nimepimwa na ninashuka. Makao makuu bado wanaweza kukataa.

Fomu ina sehemu ya zana aliyochagua fundi, halafu sehemu ya sababu. Wenzangu wote wameandika "maelekezo ya kazini". Mimi niliegemeza karatasi juu ya pampu namba mbili, nikaandika kwa kushoto, herufi zimepinda na zimevuka mistari: GUMBA LA KULIA LIMEKUFA. NAFANYA KAZI.

Msimamizi aliisoma. Akaniuliza, "Shangazi, una hakika? Hii inakwenda makao makuu, wakubwa wote wataiona."

Nikamwambia ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa.